Asubuhi Niliyojibu kwa Utani

Nilikuwa dresa katika zahanati moja ya Temeke kwa miaka saba, zama za Mwingereza, wakati barabara ya kuja kwetu ilikuwa mchanga mtupu na gari likipita watu walitoka nje kulitazama. Dresa, kwa wasiojua, ndiye aliyekuwa akisafisha vidonda, kufunga bendeji, kugawa kwinini na kuamua nani amsubiri daktari na nani arudi nyumbani. Daktari mwenyewe alikuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine zote daktari nilikuwa mimi, na sitaficha, nilipenda iwe hivyo.

Kwetu ni Unyamwezi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa dini wa misheni kijijini, mwendo wa siku moja kutoka Tabora, mtu wa sauti kubwa aliyeamini kwamba jambo likisemwa kwa nguvu litaeleweka, na lisipoeleweka liongezewe nguvu. Nimerithi sauti yake na hasira zake. Nilishuka kwenye treni Dar es Salaam nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti kipya cha kozi ya udresa, kaptula mbili nyeupe, na imani kwamba watu wa pwani wanaongea mno na hawasemi kitu.

Wiki za mwanzo nilifanya kazi kwa mwendo wa polisi. Mgonjwa akiingia namuuliza, "Unaumwa nini?" Wote walijibu homa. Mzee homa, mwali homa, mwenye kidonda cha mguu naye homa. Nikagawa kwinini mpaka chupa ikaanza kulia. Kufika saa nne foleni yangu ilikuwa imekwisha, na nilijiona hodari sana.

Daktari wetu alikuwa Mhindi, Ithnaasheri, mzaliwa wa Unguja, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonifanya nione aibu kufungua kinywa. Mie nilikuwa nasema "nilikuwaga" na "tunaendaga", naye hakunicheka hata siku moja. Asubuhi moja alikaa kwenye kona ya chumba akanitazama nikifanya kazi. Alingoja mpaka alipotoka mwanamke mmoja kijana aliyekuja na mama mkwe wake.

"Yule umempa dawa gani?" akaniuliza.

"Kwinini. Amesema ana homa."

"Amesema. Ulimwona alivyoingia?"

Nikamwambia sikumwona, nilikuwa naandika.

"Aliingia ameshika mlango. Alipokaa, alikaa upande mmoja wa paja. Na mkwewe amesimama mgongoni kwake. Sasa umemuuliza mbele ya mkwewe, kwa sauti hiyo yako ya kuitia ng'ombe, ulitaka akujibu nini?"

Akanituma nikamrudishe. Mama mkwe akaombwa kwa adabu asubiri nje, atusaidie kukunja bendeji zilizoanikwa. Daktari akamwamkia yule mwanamke upya, akamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mvua, naye akajibu nzuri, nzuri, nzuri. Mimi nilisimama pale nikichemka, maana nje watu walikuwa wanasubiri. Baada ya nzuri ya nne au ya tano, yule mwanamke akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kwikwi kwamba ana jipu mahali pasipotajika, na kwamba hajalala usiku wa nne sasa. Hakuwa na homa kabisa.

Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi. Daktari hakuwa na kitabu cha somo lile, alifundisha kwa kunionyesha. Kwamba salamu si kupoteza muda, kwa sababu mtu anapokujibu habari za nyumbani wewe unamhesabia pumzi na kumwangalia weupe wa macho. Kwamba mwanamume wa makamo akilalamikia kiuno, usimuulize juu ya kiuno, funga mlango kwanza. Kwamba ukimpa mama kikongwe kikombe cha dawa kwa mkono wa kushoto, hatarudi tena, na hatakwambia sababu. Kwamba mtu anayekutazama usoni moja kwa moja huku pwani si lazima awe mkweli, na anayetazama chini si lazima awe mwongo, pengine amelelewa vizuri tu. Kwamba nikishamaliza kuuliza ninyamaze, na nikiona kimya kimekuwa kirefu ninyamaze tena kidogo. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Mtu wa hasira kimya humwasha mwili mzima.

Lakini nilijifunza. Nje ya zahanati, hatua ishirini kutoka mlangoni, palikuwa na bomba la maji, na daktari alitaka kila mtu aoshe miguu pale kabla ya kuingia. Dirisha langu lilitazama bombani. Nikaanza kuwasoma wagonjwa kuanzia pale, yupi anainama vizuri na yupi anashika mgongo, yupi anamwacha mwenzake atangulie kwa adabu na yupi kwa sababu hawezi kusimama. Baada ya miaka miwili hivi nilikuwa namaliza nusu ya kazi kabla mtu hajafika kwenye kiti. Daktari akaanza kuniletea madresa wapya niwafundishe. Niliwaambia kwa kujigamba, "Mgonjwa huanza kusema tangu bombani. Mdomo wake ukifika humu ndani unakuja kuthibitisha tu."

Hapo bombani ndipo alipokuwa akikaa mtani wangu.

Alikuwa mama wa Kizaramo wa umri wa mama yangu au zaidi kidogo, mnene, mweusi, mwenye pengo la meno mawili mbele, akiuza vitumbua. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya ukuta, jiko la mkaa mbele yake, chuma cha vitumbua juu ya jiko, bakuli la unga pembeni likiwa limefunikwa kitambaa. Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia kama nilivyofunzwa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama kuanzia viatu. "Wee kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akapiga makofi mpaka mwiko ukamponyoka. "Ewaa! Mpagazi wangu kaja! Shikamoo kampe mama'ko huko Tabora, mie mtani wako. Weka mzigo chini upumzike."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani na babu zao wakiwapokea na kuwachuna. Mtani atakutukana mbele ya watu, atakuficha kofia, atakula chakula chako, na huruhusiwi kukasirika. Ukifa, atakuja msibani kwako kufanya mzaha wakati wenzake wanalia, na huo ni wajibu wake, asipoufanya amekudharau. Kwa mtu wa hasira kama mimi, utani ulikuwa shule nyingine. Pale bombani ndipo mahali pekee mjini nilipotukanwa kila siku nikafurahi.

Kila asubuhi ilikuwa ni yale yale. Ananiona natokea kwenye minazi, anapaza sauti: "Mnyamwezi, hujafa tu?"

Nami namjibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza."

Foleni ilicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kisha naingia kazini, na saa sita natoka kula vitumbua vyangu vitatu, ananipa vilivyoungua kwa makusudi, nami nasema nitampeleka kwa liwali. Nilimpenda yule mama. Sikuwahi kumwambia, kwa kuwa baina ya watani hakuna namna ya kuambiana jambo kama hilo.

Mara moja tu aliweka utani chini. Ilikuwa siku nilipopata barua kwamba baba amefariki. Barua nilikuwa nayo mfukoni, sikumwonyesha mtu, nikatembea kama siku zote. Aliponiona natokea kwenye minazi hakupaza sauti. Aliinuka kwenye kigoda chake, yeye ambaye hakuwa akimwinukia mtu, akaja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye unga, akasema, "Pole, mwanangu. Nani?" Sikujua amenisoma wapi. Baadaye nilipomuuliza alisema nilikuwa natembea kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Nami, badala ya kuona kwamba mbele yangu yupo mwalimu wa pili, niliona nafasi ya kujitapa. Nilimweleza jinsi daktari alivyonifundisha, na kwamba mie simhitaji mtu aseme, namjua mgonjwa nikimwangalia tu hapa bombani.

"Hata mie?" akauliza.

"Wewe ukiugua nitakujua kabla yako."

"Basi nimepona," akasema, na kugeuza vitumbua vyake.

Nakumbuka maneno hayo vizuri kuliko maneno ya harusi yangu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo foleni huwa ndefu kwa kuwa watu wamekusanya maradhi ya Jumamosi na Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Dresa mwenzangu alikuwa amelala na homa, ya kweli safari hii, na mimi nilichelewa, nikakuta watu wamejaa kuanzia mlangoni mpaka bombani. Nilikuwa nimeshakasirika kabla sijafika.

Mtani wangu hakuwa kwenye kigoda. Alikaa chini kwenye mchanga wenye majimaji, mgongo ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Jiko lilikuwa halijawashwa. Hakupaza sauti. Nilipofika karibu nikaanza mimi.

"Wee Mzaramo, leo umevivia hata moto?"

Akasema, bila kuinua kichwa, "Leo nakufa, mwanangu. Kanitafutie sanda."

Nikamjibu mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya baba yangu: "Sanda ya nini? Nitakutia kwenye gunia la mkaa nikubebe begani mpaka Tabora. Babu zangu wamebeba mizigo mizito kuliko wewe."

Watu walicheka sana. Na yeye akacheka. Alicheka midomo imefungwa, mkono wa kulia ameukandamiza chini ya kiuno, upande ule ule wa kulia, na jasho lilikuwa likimtiririka kwenye mdomo wa juu, asubuhi ile ya baridi.

Watu wengi wamenifariji tangu hapo kwa kusema, "Hukuona." Niliona. Niliona mkono, niliona jasho, niliona jiko lisilo na moto, na nilisikia "mwanangu". Angekuwa mama mwingine yeyote amekaa vile pale bombani, ningeliacha foleni na kumwingiza ndani kabla hajamaliza salamu. Lakini huyu alikuwa ameniambia kwa mdomo kwamba anakufa, na kwa miaka minne tulikuwa tumeambiana hivyo kila asubuhi, basi nikajibu kama kila asubuhi na nikaingia kazini nikiwa nimepungukiwa hasira. Ndivyo ilivyokuwa. Alinichangamsha.

Nilifanya kazi vizuri siku ile. Nilimgundua mzee mmoja mwenye kifua kibaya kwa jinsi alivyopumzika kati ya bomba na mlango. Mara moja nilipotazama dirishani niliona mahali pa mtani wangu ni patupu, jiko lipo, bakuli lipo. Nikadhani ameenda haja.

Saa sita nilitoka kula vitumbua vyangu. Bakuli lilikuwa limefurika, unga umeumuka mpaka umekisukuma kitambaa na kumwagika mchangani, nzi wamejaa. Muuza vitumbua hawezi kuacha unga wake ukamwagika hivyo. Anaweza kuacha mtoto akilia, lakini si unga. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiosha miguu kama amemwona.

"Kaenda kwake zamani," akasema. "Alikuwa anakwenda kajishika ukuta."

Hapo kila kitu nilichokiona asubuhi kilirudi kwa pamoja, mkono, jasho, jiko, mwanangu. Nilikimbia. Dresa mwenye koti jeupe akikimbia mtaani watu hutoka milangoni, nao walitoka.

Nyumba yake ilikuwa ya makuti, ya nne kutoka kisimani. Nilipiga hodi, binti yake akatoka, msichana wa miaka kumi na minane hivi ambaye nilikuwa nikimwona akimletea mamaye mkaa. Hakuwa na wasiwasi.

"Amelala," akasema. "Chango tu, kimemkamata toka juzi. Leo alijikokota kuja huko kwako."

"Kwangu? Kuuza vitumbua?"

"Vitumbua vya nini, mtu hawezi hata kuinama? Unga niliubeba mie. Alisema, twende na jiko nisionekane nimekuja kuombaomba dawa, Mnyamwezi akiniona atajua mwenyewe. Karudi akasema, kaniangalia, kacheka. Ingekuwa kitu kikubwa angejua. Basi akalala."

Nilipita ndani bila kungoja karibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya siku ile.

Alikuwa amelala chali, magoti ameyakunja. Uso ulikuwa umepungua, macho yameingia ndani. Niliweka kiganja tumboni, taratibu, kama nilivyofundishwa. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alifumbua macho akaniona.

"Mnyamwezi," akasema, "umekuja na gunia?"

Nadhani alinitazama usoni akasoma yote aliyohitaji kusoma, maana aliacha kutabasamu, akageuza kichwa ukutani.

Tulimpakia kwenye lori la mkaa lililokuwa likielekea mjini, juu ya magunia, binti yake amemshika kichwa na mimi nimemshika miguu. Dereva alikwenda polepole kwa sababu ya mashimo, nami nikamfokea aongeze mwendo, kisha nikamfokea apunguze. Kwenye hospitali kubwa walimpasua jioni ile ile. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha umeenea. Alikaa siku mbili bila kusema, na siku ya tatu alfajiri akafariki.

Nilimweleza daktari wetu alipokuja Temeke. Nilimweleza yote, mpaka gunia. Alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Alikuambia?" akauliza.

"Aliniambia."

"Ungemleta asubuhi ile..." akaanza, kisha akaona uso wangu. Alifuta mikono, akaniomba nimwite mgonjwa wa kwanza. Nilitamani anitukane. Mtu mpole akikuhurumia, huna pa kujificha.

Mazishi yalikuwa siku ile ile aliyofariki, kwa desturi yao. Nilifika mchana, nikasimama nje karibu na uzio pamoja na Wakristo wengine. Wanyamwezi watatu walikuwa wamenitangulia, watu wa kubeba mizigo bandarini, nao walikuwa kazini. Mmoja alijifunga kanga ya marehemu, akakaa kwenye kigoda chake akikaanga mchanga na kuwauzia waliofiwa. Mwingine alilala kizingitini kuzuia tusi lenye maiti lisitoke mpaka apewe kitu. Wanawake walikuwa wakilia na kucheka katikati ya kilio, ndivyo utani unavyotakiwa kufanya. Aliyeketi kwenye kigoda aliiga hata lile pengo. Nilipomwona niligeuka niondoke.

"Mtani mwenyewe huyu hapa!" akapiga kelele bibi mmoja, dada wa marehemu. "Wa zahanati! Anataka kukimbia! Mleteni!"

Wakanivuta mpaka mlangoni, mbele ya tusi. Watu wakatulia wasikilize, kwa kuwa wote walijua habari za bombani, na walitarajia mimi niwashinde wale watatu. Binti yake alikuwa amekaa mkekani, kanga ameivuta mpaka machoni.

Sikuwa na utani. Nilifungua kinywa nikasema kitu pekee kilichokuwemo.

"Mimi ndiye niliyemuua huyu mama," nikasema.

Wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mnyamwezi kakiri, mfungeni!"

"Aliniambia anakufa," nikasema. "Aliniambia mbele ya watu. Nikamwambia nitamtia kwenye gunia."

Vicheko vikazidi. Yule bibi, dada yake, alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kanga na kunipiga mgongoni kwa furaha. Nilisema sifanyi mzaha, nikaapa kwa jina la Mungu. Hilo ndilo likawavunja mbavu kabisa, kwa sababu mtani mzuri huapa. Kila nilichotoa kilipokelewa kama kazi nzuri. Niliwatazama mmoja mmoja, watu wazima, watu wema, na hakuna aliyesikia nilichokuwa nasema. Nikajua hivi ndivyo alivyokuwa mtani wangu pale ukutani.

Basi nikacheka na mimi. Nilicheka midomo imefungwa. Nikapisha mlango, tusi likatoka.

Ni binti yake peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameiondoa kanga usoni, ananitazama mikono. Nilipoiangalia na mimi, niliona nimeikunja ngumi zote mbili.

Sikupata kuongea naye siku ile. Nilirudi kazini, na kwa muda mrefu sikufaa kitu. Nilimuuliza kila mgonjwa mara mbili, mara tatu, mpaka wakanung'unika. Wazaramo walionitania mlangoni niliwakatiza, nikawaambia utani tuuweke chini kwanza, niambie mwili wako ukoje, nao wakaniona nimeingiwa na kiburi cha serikali. Wengine walihama, wakawa wanakwenda zahanati ya mbali. Mahali pale bombani palibaki patupu, na mimi nilibadilisha njia, nikawa napita nyuma ya choo ili nisipaone.

Arobaini ilipokwisha, asubuhi moja nilisikia harufu ya vitumbua. Nilisimama kwenye njia yangu ya choo. Ningeweza kuendelea. Nikazunguka nikatokea kwenye minazi, kama zamani.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, jiko limewaka, chuma ni kile kile. Nilipotokea macho yetu yakakutana, na foleni nzima ikageuka kututazama, maana utani hurithiwa kama shamba, na wote walijua zamu ni yake.

"Mnyamwezi," akapaza sauti, sauti nyembamba ambayo bado haijazoea kazi, "hujafa tu?"

Nilimwendea mpaka nikasimama karibu na jiko. Nilimwangalia miguu jinsi alivyoikunja, mikono jinsi ilivyoshika mwiko, mdomo wa juu kama una jasho, macho kama ni meupe. Nilimwangalia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu mwanamume kumwangalia msichana mbele ya watu. Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa.

Aliniacha nimwangalie. Alikaa bila kujitikisa mpaka nilipomaliza, kama mtu anayepimwa nguo.

"Mzima mie," akasema kwa sauti ya chini, ya sisi wawili. "Haya, nijibu."